Malalamiko Matatu Kutoka Namba Tisa

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, na baada ya mashauriano ya kina na wadau wote wanaohusika, ninatangaza rasmi mbele ya umma kwamba taarifa ifuatayo ni ya kweli, ni kamili, na imeandikwa na mtu mwenye akili timamu.

Mamlaka hayo nilijikabidhi mwenyewe. Wadau nilioshauriana nao ni kioo cha bafuni, nacho hakikupiga kura. Kuhusu akili timamu, tusubiri kwanza.

Lugha ya ofisi ni kipaji changu. Shuleni, kule bwenini, niliwahi kubandika ubaoni tangazo lenye kumbukumbu namba na maneno "Kwa Amri", likiwataka wasichana wote arobaini wajipange koridoni saa kumi na moja alfajiri, pekupeku, kwa ukaguzi wa kucha za miguu. Walijipanga. Matroni alipita, akalisoma tangazo, akavua kandambili zake akasimama mwisho wa mstari. Mpaka leo hajui nani alikuwa nyuma ya shughuli ile, na ninamwomba radhi kupitia taarifa hii, ingawa kucha zake kwa kweli zilihitaji kukaguliwa.

Kipaji hicho nimekirithi. Mama yangu ni afisa wa vibali vya kuchangisha. Mtu yeyote anayetaka kusimama barabarani na kopo, au kwenda nyumba kwa nyumba akiomba chochote kwa ajili ya yatima, wagonjwa au paa la shule, sharti apite kwanza mezani kwa mama. Mama ndiye anayesema apite mitaa gani na siku zipi. Asibishe mlango kabla ya saa tatu asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Beji ikae kifuani, uso wake nje. Kopo liwe na lakiri. Asiingie ndani ya nyumba ya mtu. Siyo roho mbaya. Kuna bwana mmoja alizunguka mitaa mitano akichangisha mazishi ya baba yake, na aliyekuwa anambebea mfuko ni baba yake.

Kwa sababu ya kazi hiyo, mlango wetu, Jengo A namba sita, una kibandiko: HAPA HAPACHANGISHWI. Afisa haruhusiwi kutoa mchango kwa mtu anayempa kibali, asije akaonekana anapendelea. Wachangishaji wote wa mji wanakijua kibandiko kile. Hawabishi. Na kwa kuwa hatuna ndugu mji huu, na baba yangu ana mji wake na watu wake, hakuna mwingine wa kubisha.

Sasa nieleze kuhusu likizo.

Bwenini ukipiga chafya, watu kumi na wawili wanakwambia nyamaza. Nyumbani nilipiga chafya siku ya kwanza ya likizo, saa nne asubuhi, na nikasikia friji ikizima. Basi. Mama alikuwa ameshatoka tangu saa moja. Alirudi saa kumi na mbili na begi la mafaili, akanibusu kwenye paji la uso, akasafisha meza ya jikoni, akaanza kazi ya pili. Maana ofisi yao ina sheria: kila mwananchi anayeandika barua sharti ajibiwe ndani ya siku saba, kwa barua, kwa heshima, na kwa saini ya afisa. Ofisini siku nzima anasikiliza watu. Kujibu anajibia nyumbani.

"Mama," nilimwambia jioni ile, "unajua mwalimu wa kemia aliunguza nini?"

"Ndiyo, mama."

"Aliunguza nyusi zake."

"Hapana. Haya, vizuri." Kalamu ikaendelea. "Nipe dakika kumi tu mwanangu, kuna mzee anauliza kwa nini tulimnyima kibali cha kuchangisha na ngoma."

Dakika kumi za mama ni za ajabu. Zina kiasi cha masaa matatu ndani yake. Nilikaa upande wa pili wa meza nikimtazama akimwandikia mzee wa ngoma. Alikuwa anafuta neno, anatafuta jingine lililo laini zaidi. Alitabasamu mahali fulani katikati ya ukurasa. Mzee wa ngoma alipata tabasamu ambalo hakuliona, na mimi niliyeliona halikuwa langu.

Jumamosi, siku ambayo mama huenda sokoni na kurejea kupitia ofisini "mara moja tu", nilisikia kelele koridoni. Nikaweka jicho kwenye tundu la mlango. Alikuwa ni Bibi Kopo.

Kila mtu wa majengo yetu matatu anamfahamu Bibi Kopo. Ana miaka sabini na minne, ni mfupi kama koma, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akichangisha wodi ya watoto ya hospitali, Jumamosi kwa Jumamosi, kila jengo na wiki yake, na wiki ya nne akiwarudia ambao hawakuwapo. Alibisha namba tano, kwa fundi cherehani mwenye goti bovu.

"Hodi! Mwenye goti yupo?"

"Goti lipo, mwenyewe ndiye sijui!"

"Nimekuja kuwachangia pole, nanyi mnichangie wodi."

Wakacheka. Kisha wakaongea. Habari za goti, za mtoto wa namba mbili aliyeota meno mawili kwa mpigo, za nani kahama na nani kachumbiwa. Nami nimebandika pua mlangoni, nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Walipoagana, Bibi Kopo akaja mbele ya mlango wetu. Niliona kofia yake ya sufu, niliona beji yake. Akatazama kibandiko. Akapita. Akabisha namba saba.

Ningeweza kufungua mlango. Hakuna sheria inayomkataza mtu kufungua mlango wake. Lakini ungemwambia nini mtu ambaye hakubisha?

Nikarudi jikoni nikachukua karatasi.

*

Mtu asidhani nilimchukia yule bibi. Nilihitaji tu mtu wa kumlalamikia, na yeye ndiye aliyepita. Tena beji yake ilikuwa imegeuka, uso ndani. Niliandika hivi, kwa mwandiko wa kulala upande wa kushoto:

"Kwa masikitiko makubwa, na kwa kutambua umuhimu wa utawala wa sheria katika nyanja ya ukusanyaji wa misaada, ninalazimika kuifahamisha ofisi yako kwamba mchangishaji anayejulikana kwa jina la Bibi Kopo alionekana akiwa na beji iliyogeuka, hivyo umma ukanyimwa fursa ya kuiona picha yake."

Saini: Mkazi Anayejali. Anwani: Jengo C namba tisa. Niliichagua kwa sababu masanduku ya barua ya majengo yote matatu yamepangwa ukutani getini, na la C tisa linafunguka kwa kibanio cha nywele. Limejaa vipeperushi vya zamani. Mwenyewe alishahama.

Siku ya tatu mama alitoa barua yangu kwenye begi. Niliitambua kwa mkunjo. Aliisoma. Akaisoma tena. Akakuna shingo kwa kalamu.

"Nini hicho?" nikauliza, nikimenya kitunguu kwa utulivu wa jaji.

"Mkazi mmoja. Anaandika vizuri sana huyu mtu."

Nusura nijikate kidole.

Ilichukua jioni nzima. Siku mbili baadaye nilishuka getini na kibanio changu, nikakaa kwenye ngazi za Jengo C, nikaisoma.

"Ndugu Mkazi," mama aliniandikia. "Nimeisoma barua yako mara mbili. Ahsante kwa kuchukua muda wako kuniambia ulichokiona. Si wengi wanaofanya hivyo. Beji ni jambo dogo kwa macho ya wengine, lakini nakubaliana nawe kwamba mtu anayekuja mlangoni pako ana haki ya kujulikana. Nitaongea na mhusika. Ukiwa na jambo jingine lolote linalokusumbua, tafadhali usisite kuniandikia. Wako, katika huduma."

Halafu saini yake, ile yenye mkia mrefu, ile ile anayoweka kwenye ripoti zangu za shule.

Nilirudia mstari mmoja hadi nikaukariri. Jambo lolote linalokusumbua. Na jioni ile ile nilipomwambia mama kwamba nadhani ninaumwa koo, alisema, "Maji ya chumvi, mwanangu," bila kuinua kichwa. Simlaumu. Alikuwa na barua tisa.

Hivyo niliandika ya pili. Safari hii Bibi Kopo alikuwa amebisha mlango saa tatu kasoro dakika nne, jambo "linalotikisa misingi ya Jumamosi". Mama alicheka peke yake jikoni alipofika hapo. Nilikuwa chumbani na nilisikia kicheko chake kupitia ukutani, nikafurahi, nikaona wivu, yote mawili, kwa mtu mmoja ambaye ni mimi. Jibu lilikuwa refu zaidi. Alimweleza Mkazi Anayejali kwa nini saa tatu ilichaguliwa: kwamba wapo watu wanaofanya kazi usiku, na Jumamosi asubuhi ndiyo usingizi wao. Mwisho aliandika: "Nami nina mtoto anayependa kulala Jumamosi, anarudi kutoka shule ya bweni amechoka. Kwa hiyo nakuelewa."

Mama alikuwa anamwambia mtu wa Jengo C habari zangu!

Ya tatu niliiandika asubuhi iliyofuata, kwa pupa, hata karatasi ilitoboka. Nilihitaji kosa zito. Nikatafuta kwenye rundo la kanuni lililokuwa mezani, chini ya bakuli la chumvi, nikapata moja nzuri mno: kanuni ya ishirini na tatu, mchangishaji asikae mlango mmoja zaidi ya dakika kumi. Bibi Kopo alikaa kwa fundi cherehani dakika arobaini na moja. Nilizihesabu mwenyewe nikisimama kwa mguu mmoja. Nikaandika, nikataja kanuni kwa namba yake, nikapeleka posta nikipiga mluzi.

Sasa, kanuni zile zina kiambatisho nyuma kinachoitwa Jedwali la Pili. Nani duniani husoma jedwali? Lingelikuwa na picha, sawa. Ningelisoma, ningeona kwamba mchangishaji akilalamikiwa mara tatu ndani ya siku thelathini, kibali chake kinasimama chenyewe, asichangishe tena. Hapo haulizwi mtu. Karani wa masjala anapiga muhuri siku barua ya tatu inapoingia, na mambo yamekwisha.

*

Jioni ya siku ya tatu mama alirudi akiwa ameshika beji mkononi. Aliiweka mezani, karibu na bakuli la chumvi. Picha ya Bibi Kopo ilikuwa imepauka kwa jua, macho yamebaki mawili tu na kofia.

"Hiyo ya nani?" nikauliza. Mimi huyo.

"Ya bibi mmoja. Kibali chake kimesimama." Aliketi bila kuvua viatu. "Kinakwisha tarehe thelathini. Kikifika tarehe hiyo kikiwa bado kimesimama, hakihuishwi. Itabidi aombe upya, na aliyevuka sabini haombi upya. Ndiyo kanuni."

"Si utabadilisha?"

"Mimi natekeleza tu, mama. Mlalamikaji aje kwenye kikao, athibitishe au afute. Asipokuja, shauri linaahirishwa siku tisini."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Kikao kilikuwa tarehe ishirini na nane.

Mama alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kunitazama kwa muda unaozidi wa kukagua kama nimekula. "Una la kuniambia?"

"La," nikasema. "Kwani niwe na nini?"

"Sijui. Nauliza tu." Akavuta rundo lake la karatasi kutoka chini ya bakuli, akaligonga mezani ncha zilingane, akaanza kusahihisha.

Jumamosi nilishuka getini kutazama kama jibu la barua ya tatu limefika. Nilikuwa nimeshachomeka kibanio kwenye sanduku la C tisa, nimekisokota, kifuniko kikafunguka. Hapakuwa na barua. Nikageuka, na kwenye ngazi, hatua tatu kutoka nilipo, amekaa Bibi Kopo.

Hakuwa na kopo wala beji. Kofia ya sufu tu, na pochi mapajani.

"Shikamoo bibi," nikasema, kibanio nimekificha nyuma kama mwizi wa vibanio.

"Marahaba. Wewe ni wa wapi? Ngoja. A sita. Wa mlango wa kibandiko."

"Umejuaje?"

"Milango mingine yote nawajua watu wake. Umebaki wewe." Alisogea kunipa nafasi. "Kaa, ngazi ni ya serikali. Nimezuiwa nisibishe mlango wowote wa majengo haya mpaka kikao. Hata kwenda kusalimia tu siruhusiwi, wataona nachangisha kwa siri. Lakini hawakusema nisikae kwenye ngazi. Nimeisoma barua yao yote. Kwa kweli sijaisoma, miwani nimeisahau nyumbani. Hebu nisomee."

Alinipa barua ya wito. Nikamsomea. Nilisoma kwa sauti maneno yangu mwenyewe: masikitiko makubwa, misingi ya Jumamosi, dakika arobaini na moja. Darasani huwa ninasoma kwa madoido. Pale sauti ilinitoka nyembamba kama uzi.

"Dakika arobaini na moja," Bibi Kopo akarudia. "Kumbe ni chache hivyo. Mimi nilidhani nilikaa."

"Huna hasira?"

"Ninayo. Nikimpata huyo mtu nitampikia chai, aketi, anywe mpaka tone la mwisho. Halafu nimpige na kopo." Alicheka, meno machache lakini yote yamo kazini. Kisha akaacha. "Nyumbani nina redio na viti viwili, kimoja hakijakaliwa muda mrefu hata mto wake haujui umbo la mtu. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuongea. Siku nyingine naongea na redio, inanijibu hali ya hewa."

Mtoto wa namba mbili alipita amebebwa mgongoni. Bibi Kopo aliinua mkono, mama wa mtoto akampungia akiwa mbioni.

"Anasema anatoka Jengo C namba tisa," Bibi akaendelea taratibu, akiikunja barua. "Hapo hapana mtu tangu mvua za mwaka jana. Nimebisha mara sita. Nilipobisha ya saba nilikuwa nausalimia mlango tu." Akaitia barua ndani ya pochi, akaifunga kwa kishindo kidogo. "Kibanio chako kitakatika. Sanduku lile lina kutu."

Alijua. Alikuwa ameniona tangu mwanzo. Nikasubiri aniite jina baya, aniite mshenzi, anishike sikio anipeleke kwa mama. Hakufanya hivyo. Alijishika goti akainuka, akatazama madirisha ya jengo letu moja baada ya jingine kama mtu anayehesabu kuku wake, kisha akaenda zake.

Ningemkimbilia. Nilifika hatua tatu tu nje ya geti.

*

Asubuhi ya tarehe ishirini na nane mama alinigongea mlango wa chumbani. "Vaa. Unakwenda na mimi ofisini."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa ishirini na sita.

Chumba cha kikao kilikuwa kidogo kama jikoni kwetu. Meza moja, saa ya ukutani, pazia la kijani lenye doa la chai, na viti vinne. Mama kiti kimoja, karani wa masjala kingine akiwa na muhuri wake na kidau cha wino, na Bibi Kopo cha tatu, amevaa gauni la heshima na miwani usoni. Cha nne kilikuwa upande wa pili wa meza, kitupu.

Nilitaka kukikalia. "Hicho siyo," karani akasema. "Ni cha mlalamikaji. Wewe simama ukutani, dada mdogo, usianguke tu."

Nikasimama ukutani.

"Tunamsubiri mlalamikaji dakika thelathini," mama akasema. Alikuwa na sauti ya ofisini, ambayo nilikuwa naijua kwa maandishi tu. "Asipofika, tunaahirisha."

Saa ile ya ukutani ilikuwa na mlio. Karani alipiga miayo. Dakika ya kumi mama alimwuliza Bibi Kopo kama ana lolote la kuongeza kuhusu huyo mlalamikaji, kama anamfahamu au amewahi kumwona.

Bibi Kopo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, polepole. Hakunitazama hata kidogo.

"Mimi mzee," akasema. "Macho yangu hayaoni mbali."

"Mama mkubwa, ni kibali chako," mama akamwambia kwa upole. "Tarehe thelathini ni keshokutwa."

"Najua siku, mwanangu. Kalenda ninayo, tena kubwa."

Dakika ya ishirini mama alifungua faili. Akatoa barua ya tatu, ile yenye kitobo. Akaisoma yote kwa sauti, mpaka kwenye kanuni ya ishirini na tatu, akasimama hapo.

"Karani, niletee kitabu cha kanuni."

Karani akamsogezea. Mama akafunua ukurasa wa mwisho, akauelekeza mezani ili kila mtu aone.

"Kanuni zinaishia ishirini na mbili," akasema. "Ya ishirini na tatu haipo. Haijapitishwa. Ninaiandika mimi sasa, ni rasimu, haijasomwa hata na bosi wangu. Nakala yake ni moja duniani na ipo jikoni kwangu, chini ya bakuli la chumvi." Akaiweka barua chini. Hakugeuka kunitazama. "Zimebaki dakika nane. Tusubiri."

Karani aliacha kupiga miayo. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaanza kukagua muhuri wake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona.

Dakika nane. Bwenini ningekuwa na uongo wa aina tatu tayari katika muda huo, na wa akiba. Pale nilitafuta, nikakuta kichwa kitupu, mna saa ya ukutani tu. Nilitazama mikono ya Bibi Kopo juu ya pochi. Alikuwa ameikunja vizuri sana, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu.

Zilipobaki dakika mbili nilitoka ukutani, nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti cha nne.

"Mlalamikaji amefika," nikasema. Nilitaka isikike rasmi. Ilisikika kama chura.

Karani alikohoa. "Mlalamikaji anathibitisha au anafuta?"

"Anafuta. Ninafuta. Yote matatu. Ila beji... beji kweli ilikuwa imegeuka."

"Upepo," Bibi Kopo akasema.

"Ulikuwa upepo," nikakubali.

Muhuri ukashuka mara tatu, *paa, paa, paa*, na karani akamsogezea Bibi Kopo beji yake juu ya meza. Bibi aliichukua, akaipuliza vumbi, akaibandika kifuani, uso nje. Halafu hakuondoka. Alibaki pale pale na pochi yake.

Mama alivuta fomu. "Jina la mlalamikaji nalijua. Anwani naijua." Kalamu ilikwenda ikasimama. "Uhusiano wa mlalamikaji na afisa anayesikiliza shauri."

"Binti," nikasema.

Akaandika. Aliandika neno hilo polepole kuliko jina lake mwenyewe. Kisha akaifunika kalamu. "Afisa hatakiwi kusikiliza shauri la mtu wa nyumbani kwake," akamwambia karani. "Kanuni ya tano. Nimejiondoa. Malizia wewe." Akavua kitambulisho cha ofisi shingoni, kile ambacho hukivua karibu na kulala, akakizungushia kamba yake na kukilaza juu ya faili. Akakigeuza kiti chake, kikakwaruza sakafu, tukawa magoti kwa magoti.

"Haya," akasema. "Sasa niambie. Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha. Nililiandaa tangu Jumamosi, lilikuwa na maneno "utawala wa sheria" ndani yake. Nilifungua mdomo kulitoa.

"Kwa sababu barua zote unazijibu," nikasema.

Ikabidi niendelee, na nikaendelea. Nilimwambia habari za ngazi za Jengo C, na kibanio, na mara ngapi nilisoma kila jibu lake, na kwamba ninazo zote mbili chini ya godoro, na kwamba niliandika ya tatu kwa sababu katika ya pili alinitaja. Nilimwambia Bibi Kopo kwamba sikumchagua kwa ubaya, ila alikuwa amepita mlangoni petu. Nilimwambia mama habari za nyusi za mwalimu wa kemia, maana hakuwahi kuzisikia. Nikamaliza na kucha za miguu, ambazo hakuna aliyeniuliza. Mama alisikiliza yote mpaka mwisho, kalamu imefunikwa, na hakuomba dakika kumi.